Mashine Zinazokubali Bisibisi

Fundi alitoa skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya ukurasa wa gazeti la zamani, kila moja mahali pake, ili gazeti lenyewe liwe ramani ya kurudishia. Kisha akaitia ukucha kibodi, akaiinua, akachomoa utepe wake wa waya. Chini, pembezoni mwa madabodi, palikuwa na unga wa kijani. Akaupuliza. Haukutoka.

"Mwalimu, hii ilikuwa inakaa wapi?"

"Dirishani, mwanangu. Pale ndipo penye upepo."

"Dirisha linatazama bahari?"

"Linatazama bahari."

Akachukua mswaki wa meno na kichupa cha spiriti, akaanza kusugua. Kwetu Unguja hayo ndiyo maradhi ya mwanzo ya kompyuta. Hewa ya chumvi huila shaba usiku na mchana, na anayeishi Shangani au Malindi hulipa gharama ya upepo mzuri kwa vyuma vyake vyote, kuanzia bawaba za mlango hadi waya wa chaja. Dawa yake ni kufungua na kusafisha. Mashine iliyogandishwa kwa gundi haina dawa hiyo.

Ilikuwa Oktoba 2025, katika duka jembamba la Mlandege, upande wa Ng'ambo. Mimi nilikuja kutafuta betri, nikabaki kuangalia. Ile ilikuwa laptopu ya ThinkPad ya mwaka 2012, imemfikia mwalimu ikiwa mtumba, na wala haikuwa imeharibika. Kutu ile fundi aliikuta tu. Mwalimu alikuja kwa sababu duka jingine la mjini lilimwambia kompyuta yake imekwisha muda, anunue mpya. Tarehe 14 ya mwezi ule Microsoft ilikuwa imekoma kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haizitaki mashine za umri ule. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za kuanzia karibu mwaka 2018. Prosesa ya mwalimu ilikuwa nzima, diski nzima, skrini nzima.

"Haijafa hii," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Imekataliwa tu."

Neno hilo niliondoka nalo. Niliporudi nyumbani nikaanza kuunganisha mambo niliyoyaona na niliyoyasoma kuhusu mashine katika kisiwa hiki, nikaona kwamba kila zama zinanirudisha kwenye jambo moja: kitu kilichodumu Unguja ni kile ambacho mkono wa hapa uliweza kukifungua.

Mji wa Zanzibar haujawahi kuwa nyuma kwa mashine. Sultan Barghash bin Said alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na watu wakaliita jumba la maajabu kwa haki yake: ndilo lililotangulia kuwa na taa za umeme Zanzibar, na ndilo lililokuwa na lifti kabla ya jumba lolote Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, karafuu ikiwa na bei nzuri, Televisheni Zanzibar ikaanza kurusha picha za rangi, ya kwanza ya aina hiyo Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, na haikukipata mpaka 1994. Wazee wa Michenzani bado wanalieleza jambo hili kwa fahari, na wana haki.

Kwa kompyuta, hata hivyo, hadithi ilianzia Dar es Salaam, na ilianza vibaya. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilileta mashine ya Kiingereza iliyoitwa ICT 1500, baadaye ikafuatwa na kubwa zaidi, kwa ajili ya kuweka hesabu za serikali. Mashine zilikuwa ghali, wataalamu wake walikuwa wageni, na hesabu zikavurugika kiasi kwamba serikali ikarudi kwenye karatasi. Mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Siku hizi marufuku ile huelezwa kama ushamba. Mimi siioni hivyo. Waliokata shauri waliuona ugonjwa wenyewe barabara: nchi ilikuwa inalipa fedha za kigeni kwa chombo ambacho hakuna mwenyeji aliyeweza kukifungua, kukisoma wala kukirekebisha. Walikosea dawa. Badala ya kufundisha mikono ya kufungua, walifunga mlango, na kizazi kizima cha mafundi kikachelewa kuzaliwa.

Mlango ulifunguka kwa upande wa Unguja kwanza. Mwaka 1984 Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa Zanzibar, na biashara ikalegezwa kabla Bara haijalegeza. Vyombo vikaja kutoka Dubai na vitambaa, redio, kaseti na feni, na watu wakavuka kutoka Dar es Salaam kuja kununua. Zaidi ya hapo tulikuwa na ndugu. Tangu Mapinduzi ya 1964 hakuna ukoo wa Mji Mkongwe usio na mtu Maskati, Dubai au Uingereza, na ndugu hao walipokuja likizo walileta vitu ambavyo ofisi zao zilikuwa zimeviacha. Kompyuta nyingi za mwanzo zilizoingia majumbani mwetu zilikuja hivyo, zimefungwa ndani ya blanketi, tayari zina miaka mitano.

Kwa hiyo fundi wa Unguja alijifunzia kazi kwenye mtumba, na mtumba ni mwalimu mzuri. Mashine mpya ikiharibika, ina waranti na karatasi zake. Ya mtumba haina mtu ila wewe. Ukiziweka tatu zilizokufa mezani, unatoa memori ya hii, feni ya ile, pawasaplai ya tatu, inatoka moja nzima. Vijana wengi walijua kutia risasi kwenye madabodi kabla hawajajua kuandika barua rasmi ya kuomba kazi.

Walichokosa ni upande wa pili wa mashine, ule usioshikika. Chuma walikifungua, lakini programu ilikuja imefungwa. Ikiugua, tiba ilikuwa moja, na ina jina lake mtaani mpaka leo: kupiga windo. Unafuta kila kitu, unaweka Windows upya kutoka kwenye CD iliyonakiliwa mara mia, na mwenye mashine anapoteza picha za harusi. Flashi moja yenye kirusi ilitosha kuiangusha ofisi nzima, na wiki ijayo fundi anaitwa tena kupiga windo tena. Naikumbuka kazi ile, na niliichukia. Ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu bomba linavuja, kwa kuwa hujaruhusiwa kuliona bomba lenyewe.

Ndiyo sababu mwaka 2004 una uzito kwangu kuliko watu wanavyoupa. Mwaka huo Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, iliendesha mradi ulioitwa Kilinux. Lengo lilikuwa kuzitia programu huria katika Kiswahili, na Desemba wakatoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia barua, kupigia hesabu na kutayarishia maonyesho, yote ikiwa na menyu za Kiswahili, na yeyote akiruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake bila kuvunja sheria. Microsoft nayo ilikuwa imetangaza mwaka huo huo mpango wake wa Kiswahili, lakini bidhaa zake zilifika baadaye.

Tofauti iliyopo ni kubwa kuliko ya tarehe. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi yale ambayo mwandishi wa programu aliyaandika kwa mkono wake, unapewa pamoja nayo. Unaweza kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Richard Stallman alianza kuipigania haki hiyo Marekani mwaka 1983, na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, akautoa mfumo wa Linux mwaka 1991. Kwetu haki hiyo iliingia kwa mlango wa lugha. Mtu anayetaka Kiswahili kwenye programu iliyofungwa lazima amngoje mwenye programu aone kuna faida. Kwenye programu huria haombi ruhusa. Anafungua faili lenye maelfu ya mistari, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili patupu, anaanza kujaza.

Nimewahi kukaa na faili la namna hiyo, na nakwambia ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Kila neno ni kesi. Kompyuta ibaki kompyuta, au iwe tarakilishi, au ngamizi? Ukiandika "hariri", je, mtoto wa Kikwajuni atafahamu kusahihisha maandishi, au atafikiria kitambaa? Maneno yote mawili yametoka kwenye Kiarabu, yakakutana kwetu katika umbo moja. Kuna siku nilibaki na neno moja kutwa nzima. Lakini lilikuwa langu kuliamua. Na tusisahau lugha yenyewe ni ya nani: waliokutana Mombasa mwaka 1928 kuchagua lahaja ya kusanifia Kiswahili walichagua Kiunguja, maneno ya vichochoro hivi hivi. Kuyakuta maneno hayo juu ya skrini, yamewekwa na watu wasiosubiri kuruhusiwa, kulinigusa zaidi ya nilivyotarajia.

Kisha likaja giza.

Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa kebo iliyolala chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Kebo ya mwanzo iliwekwa mwaka 1980. Mei 2008 umeme ulikatika kwa karibu mwezi mzima. Tukadhani tumeona. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Aliyekuwepo hahitaji kuhadithiwa: pampu zilisimama, maji yakawa ya kununua kwa dumu, samaki wakauzwa kabla ya adhuhuri kwa kukosa barafu, na kila kichochoro kikawa na jenereta lake linalonguruma na kutoa moshi mpaka baraza zikawa hazikaliki.

Ofisi zenye kompyuta nzuri ndizo zilizoumia kwanza. Kompyuta ya mezani ya wakati ule, pamoja na skrini yake ya kioo kinene, ilikula wati 200 hivi. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Ukitumia nusu tu ili usiiue, una 300. Hiyo inakupa saa moja na nusu ya kompyuta ya mezani. Laptopu ya zamani inakula wati 25. Betri ile ile inakupa saa kumi, hata ukitoa kinachopotea kwenye inveta. Hesabu hiyo mafundi waliifanya kwa mkono, juu ya maboksi ya biskuti, na ndani ya wiki mbili laptopu kongwe ambazo hakuna aliyezitaka zikawa na bei.

Jirani yetu alikuwa akiandika mikataba ya nyumba kwa ujira mdogo. Kila jioni mwanawe alifunga betri ya gari nyuma ya baiskeli, akaipeleka kwa mwenye jenereta, akairudisha asubuhi. Laptopu yao ilikuwa na ufa kwenye kifuniko na kitufe cha M hakipo, wanabonyeza kijipira kilichobaki chini yake. Waliifanyisha kazi miezi mitatu. Feni yake ilipozibwa na masizi ya majenereta, yule kijana aliifungua mwenyewe juu ya mkeka, kwa mwanga wa kibatari, akaisafisha kwa unyoya wa kuku, akaifunga. Sijasahau unyoya ule. Mashine ya leo iliyo nyembamba kama sahani, memori yake imegandishwa, betri yake imebandikwa kwa gundi, ingekufa mikononi mwake usiku ule.

Kebo mpya ya megawati 100, iliyogharamiwa na fedha za Marekani, ilianza kazi mwaka 2013. Kukatikakatika kupo bado, lakini giza la miezi halijarudi. Kilichobaki kutoka miaka ile ni tabia. Watu walijua kwamba chombo cha kweli ni kile kinachofanya kazi siku mtandao haupo na umeme haupo.

Tabia hiyo naiona wazi zaidi katika mambo ya afya, mahali ambapo wengi hawatazamii kukuta habari za programu huria. Tangu 2005 Zanzibar imetumia DHIS kukusanya takwimu za hospitali na vituo vya afya. Programu hiyo ilizaliwa Cape Town baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka, katika kazi ya kuziunganisha huduma zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi za watu, na Chuo Kikuu cha Oslo kikaikuza mpaka ikawa DHIS2, ambayo ni huria kabisa. Kenya ndiyo iliyotangulia kuieneza nchi nzima kupitia intaneti, mwaka 2011.

Na kwa malaria tulikwenda mbali zaidi. Mwaka 2008 ulianzishwa mfumo wa kugundua mapema mlipuko wa malaria, vituo 10 kwanza. Chombo chake kilikuwa simu ya kitochi. Muuguzi wa kituo cha shamba alipiga namba fupi kila wiki, akajaza wagonjwa wangapi wamekuja, wangapi wamepimwa, wangapi wamekutwa na vimelea, akatuma. Simu yenyewe inakaa na chaji siku nne, ikianguka kwenye ndoo inaanikwa juani, spea zake zinauzwa kila kona ya Darajani. Miaka michache baadaye ikaongezwa programu huria iitwayo Coconut Surveillance. Kituo kikitoa taarifa ya mgonjwa, ofisa wa wilaya anapanda pikipiki mpaka nyumbani kwake na tableti, anapima waliomo wote, anaandika. Programu iliundwa tangu mwanzo ifanye kazi pasipo mtandao: inahifadhi kila kitu ndani, na ikikutana na mtandao njiani inatuma yenyewe. Nadhani aliyeiunda alijua barabara za Makunduchi, maana ungeweza kufika nyumba ya mgonjwa ukaisahau intaneti kabisa. Kwa miaka mingi watu wenye vimelea Unguja wamekuwa chini ya mmoja kwa mia. Walioshinda ni vyandarua, dawa na wapimaji, lakini bila kujua mgonjwa yuko nyumba gani wangepuliza dawa hewani.

Kinyasini, Kaskazini Unguja, kuna jambo jingine la tabia hiyo hiyo. Chuo cha Barefoot, kilichoanzia Tilonia huko India, kilifungua tawi pale mwaka 2015. Wanafunzi wake ni wanawake wa vijijini, wengi wao mama na bibi wasiokwenda skuli sana, wanaofunzwa kutengeneza na kurekebisha umeme wa jua. Somo linakwenda kwa rangi. Kizuizi cha umeme kina mistari midogo ya rangi mgongoni, kahawia, nyeusi, nyekundu, na mama anaisoma mistari ile kama anavyosoma kanga: hahitaji herufi kujua ipi ni ipi. Akimaliza anarudi kijijini na bisibisi, mita na risasi yake. Taa ikizimika hatumwi mtu mjini. Watu wakiniuliza ni wapi nimeona teknolojia ya kisasa Unguja, huwaambia wapande daladala ya kaskazini.

Mwaka 2016 ulituletea mawili. La kwanza lilikuwa la kufurahisha: kazi ya kupiga picha za Zanzibar nzima kutoka angani kwa droni ndogo, iliyoongozwa na Kamisheni ya Ardhi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwa ndio warushaji na wachoraji. Picha zikawekwa wazi kwa wote, nyumba na njia zikachorwa kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Kijana wa Bububu aliweza kuipata picha ya paa la kwao, akaichora mwenyewe, na nchi nzima ikaitumia.

La pili lilikuja usiku wa tarehe 16 Juni, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozizima simu zote bandia. Sababu zilikuwepo na nyingine nzuri, maana simu zile hazikuwa na namba halali za utambulisho, wala hakuna aliyepima usalama wake. Lakini Ijumaa ile asubuhi, maelfu ya watu walishika simu nzima zisizoita. Hapo ndipo wengi wetu tulipofahamu mara ya kwanza kwamba chombo kilichomo mfukoni mwako kinaweza kufungwa na mtu aliye mbali. Miaka tisa baadaye mwalimu wangu wa Mlandege aliambiwa maneno yayo hayo kuhusu laptopu yake, safari hii bila kosa lolote.

Sitaki mtu adhani nasifia kila kikuukuu. Uganda ilipotangaza mwaka 2009 kupiga marufuku kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, ilikuwa na hoja: shehena nyingi zilikuwa takataka za wengine zilizoandikwa msaada. Hata kwetu zimekuja kompyuta zilizokufa kabla ya kupakuliwa. Skrini zile za kioo kinene zina madini ya risasi ndani yake, na zikitupwa jaa la Kibele mvua inazikuta. Mashine kongwe inayokula wati 200 kufanya kazi ya wati 15 haina la kutetea. Ninachotetea mimi ni ile ya kati, ya kuanzia 2010 hivi, iliyotengenezwa na watu waliodhani kwamba siku moja itafunguliwa: yenye skrubu za kawaida, memori ya kuchomeka, betri ya kuchomoa, na kitabu cha mtengenezaji kinachoonyesha hatua kwa hatua namna ya kuivua. Hizo ziko kwa mamia Darajani na Mlandege, na kila mwaka zinapungua kwa sababu zinazokuja nyuma yake nyingi hazifunguki.

Mji wenyewe unatufundisha thamani ya kinachorekebishika kwa kuta zake. Majumba ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupumua. Ikinyonya maji ya mvua huyatoa, ikifa sehemu moja inakunwa na kupakwa tena. Miaka ya nyuma wengi walirekebisha kwa saruji, kwa kuwa ni ya kisasa na inakauka haraka, na saruji ikayafungia maji ndani mpaka ukuta ukapasuka kutoka tumboni. Mafundi wa uhifadhi wamerudi kwenye chokaa. Beit al-Ajaib yenyewe iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na baadhi ya waliokuwa wakiitengeneza siku ile wakapoteza maisha chini ya kifusi. Jumba lile lilikuwa limeomba kutunzwa kwa miaka mingi.

Nirudi Mlandege. Fundi alimaliza kusugua, akakausha kwa kikausha nywele, akatia memori mbili alizozitoa kwenye mashine iliyokufa skrini. Diski ya kuzunguka akaibadilisha kwa SSD ndogo isiyozunguka. Kazi yote ilichukua muda wa chai mbili. Kisha akachomeka flashi, na badala ya kupiga windo akaweka Linux. Alipomaliza akamgeuzia mwalimu skrini.

"Ifungue hii ya kuandikia, Mwalimu. LibreOffice. Ndiyo mtoto wa ile OpenOffice ya zamani. Nimekuwekea Kiswahili."

Mwalimu akavaa miwani. Anasomesha Kiswahili skuli ya sekondari mwaka wa ishirini na mbili huu, nilisikia akimwambia fundi. Akasoma menyu kwa sauti ya chini, kama mtu anayesahihisha daftari: "Faili. Hariri." Akateremka orodha moja, akateremka nyingine. Mara akasimama.

"Hapa kuna Kizungu."

"Yapo, Mwalimu. Hayo hayajapata mtu wa kuyafasiri."

"Na hili hapa limefasiriwa, lakini si hivi. Hatusemi hivi."

"Sasa hilo linabadilishwa."

"Nani anayelibadilisha?"

"Yeyote. Hata wewe. Nitakuonyesha pa kuandikia."

Mwalimu akamtazama kuona kama anafanyiwa mzaha. Fundi alikuwa anarudisha skrubu ya mwisho. Mwalimu akalivuta lile gazeti, tupu sasa, lina alama za mafuta mahali skrubu zilipokuwa, akatoa kalamu kwenye mkoba, akaanza kuyaandika maneno pembeni moja baada ya jingine. Mimi nililipa betri yangu. Nilipotoka alikuwa amefika la kumi na moja, na adhana ya alasiri ilikuwa imeanza.